UZI: Nyama tunataka, kichinjio hatutaki

1/ Kwa mkutano wa hadhara Kisii ama Nyamira, taja barabara, watu wanapiga makofi. Taja kichinjio, wananuna: "Hiyo peleka kwingine!" Harufu, damu, nzi. Na jioni tuko kwa bucha tunaitisha nusu kilo.

2/ Kwingine ni wapi? Sensa ya 2019: Kisii watu 957 kwa kila kilomita mraba, Nyamira 675. Ukikisukuma mbali na boma lako, umekipeleka kwa jirani.

3/ Kazi ni ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: vichinjio ni vya kaunti. Usilaumu Nairobi.

4/ Kichinjio kikikosekana, ng'ombe bado atachinjwa, ila kichakani usiku, bila mkaguzi. Muhuri ule kwenye nyama maana yake kuna mtu aliikagua. Kimeta hukioni kwa sufuria.

5/ Akija kuomba kura, muulize: maji machafu yataenda wapi? Damu je? Mkaguzi atakuwepo kila asubuhi? Akikwepa, jua hata yeye anakula tu, hataki kuona.