Mchezo wa Fedha Walioubatiza Harambee

Tuseme umekabidhiwa shilingi 1,000 kwa sharti moja: umgawie mtu usiyemjua, kiasi upendacho. Akikubali, kila mmoja anaondoka na fungu lake. Akikataa, fedha zinarudi na nyote mnatoka mikono mitupu. Utampa ngapi?

Mchezo huu ulifanyiwa majaribio na mwanauchumi wa Kijerumani Werner Güth na wenzake, wakauchapisha mwaka 1982. Kwa hesabu kavu, shilingi moja ingetosha, na mwenzako angeipokea, maana kidogo si sawa na hakuna. Lakini wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani waligawa karibu nusu kwa nusu, na waliopewa chini ya asilimia 20 mara nyingi walisusa. Wataalamu wakaona wameijua tabia ya binadamu. Binadamu yupi? Wa chuo kikuu.

Mwanaanthropolojia Joseph Henrich akaupeleka mchezo huo kwa Wamachiguenga wa Peru. Walitoa wastani wa asilimia 26, na waliopewa kidogo walipokea bila kinyongo. Ndipo yeye na wenzake wakafanya majaribio katika jamii 15 ndogondogo za mabara mbalimbali, na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, wanaosifika kwa kugawana nyama ya mawindo, walitoa kidogo, hasa wa kambi ndogo, na walikataliwa mara kwa mara. Hili halinishangazi: nyama hugawanywa mbele ya macho ya kambi nzima, ilhali hapa mtoaji amefichwa. Huko New Guinea, Waau na Wagnau walikataa hata zaidi ya nusu, kwa kuwa kwao zawadi kubwa ni deni.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Waorma, wafugaji wa Tana River nchini Kenya. Mtafiti Jean Ensminger aliwachezesha mchezo mwingine: kila mtu anachangia mfuko kwa siri, mtafiti anauongezea, kisha unagawanywa sawasawa, hata kwa asiyetoa kitu. Wanakijiji wakautambua papo hapo. Huu ni harambee, walisema, kama ule mchango wa kujenga shule. Wakatoa, kwa wastani, zaidi ya nusu ya walichopewa.

Kwa jumla, jamii zilizozoea soko na kazi za ushirika ndizo zilizogawa kwa usawa zaidi. Wanaodai biashara huzaa uchoyo wana la kujibu.

Nawe ukisoma kwamba utafiti umethibitisha binadamu yuko hivi au vile, uliza kwanza waliochunguzwa ni akina nani.