Kovu ya inje haisemi yote: kuzala kwa njia ya kawaida kisha kupasuliwa

Wengi munanijua juu ya mahindi na mbolea. Leo ninaandika juu ya tumbo yangu mwenyewe. Niko na mimba ya miezi saba, ya pili. Ile ya kwanza, miaka tatu iliyopita, iliisha kwa kupasuliwa, ile tunaita sezariyene. Mara hii ninatumaini kuzala kwa njia ya kawaida. Tangu niliseme hivi nyumbani, usingizi umepungua kwa watu wote.

Mama mukwe ananiambia: «Mwanangu, mwanamuke akipasuliwa mara moja, njo basi, anapasuliwa siku zote.» Shangazi yangu naye anasema: «Usiende kwa hospitali kubwa, batakupasua tena juu ya feza. Zalia hapa karibu.» Wote wawili wananipenda, na wote wawili wanakosea, kila mumoja kwa upande wake. Njo sababu nilianza kuuliza na kusoma.

Neno la mama mukwe halikutoka hewani. Mwaka 1916, huko New York, docta Edwin Cragin aliandika kitu kama hicho. Wakati ule kizazi kilikuwa kinakatwa kwa wima, toka juu kwenda chini, pale kinapokaza nguvu wakati wa uchungu. Kovu ya namna hiyo inaweza kuachana. Lakini katika miaka ya 1920, huko Glasgow, docta Munro Kerr alieneza njia ingine: kukata sehemu ya chini ya kizazi, kwa kulala. Pale ni nyembamba, hapakazi sana, na kovu inashika vizuri zaidi. Leo wanganga wengi wanapasua hivyo.

Sasa, hapa bamama wengi tunajidanganya: kovu unayoona kwenye ngozi si ile ya kizazi. Inje unaweza kuwa umekatwa kwa wima, na ndani kwa kulala. Kinyume pia kinawezekana. Kioo hakitakuambia. Karatasi njo itakuambia.

Na tofauti ni kubwa. Kwa wanawake 100 walio na kovu moja ya chini, ya kulala, wanaojaribu njia ya kawaida, karibu 60 mpaka 80 wanafaulu. Kizazi kinapasuka karibu mara 1 kwa 200. Lakini kwa kovu ya wima ya juu, hatari inaweza kufika 4 mpaka 9 kwa 100, na hapo docta hatakubali mujaribu. Tena hesabu nzuri zile zinatoka mahali ambako chumba cha upasuaji kiko karibu. Hilo shangazi hakulifikiri.

Mbona basi ninataka kujaribu? Si juu ya majivuno. Aliyepasuliwa amezala kabisa, asidharauliwe na mutu. Ninafikiri mimba zitakazokuja. Kwetu Congo uchunguzi wa EDS wa 2013-2014 ulikuta wastani wa watoto 6,6 kwa mwanamuke. Na kila upasuaji unaongeza hatari ya ule unaofuata: kondo la nyuma linaweza kushika juu ya kovu na kuingia ndani ya nyama ya kizazi. Likikataa kutoka, damu inamwagika mingi, na mara ingine kizazi chenyewe kinaondolewa.

Sisi wa agronomi, kabla ya kupanda shamba ya mutu, tunauliza kwanza: hapa palilimwa nini, kuliwekwa nini? Lakini kwa tumbo yangu sikuwa na kitu. Ile siku ya kwanza nilitoka na mutoto, vidonge na fakture. Hakuna aliyeniandikia namna nilivyokatwa, na mimi sikuuliza. Nilirudi kule mara tatu. Mara ya kwanza fishi haikuonekana. Mara ya pili mwenye funguo hakuwepo. Mara ya tatu mukunga mumoja muzee alifungua rejista ya chumba cha upasuaji, akapitisha kidole mustari kwa mustari, akafika kwa jina yangu: nilikatwa chini, kwa kulala, sababu mutoto alitanguliza matako. Nilikaa chini nikalia.

Mustari huo ulijibu maswali mbili. Ya kwanza, kovu ni ya namna gani. Ya pili, kwa nini nilipasuliwa. Kutanguliza matako ni jambo la mimba ile, linaweza lisirudi. Ingekuwa juu ya nyonga ndogo, tumaini lingepungua. Docta wangu alipoona, alisema tunaweza kujaribu, kama mutoto ni mumoja, kichwa kiko chini, na ekografi inaonyesha kondo haliko kwenye njia. Miaka tatu kati ya uzazi mbili nayo inasaidia. Kushika mimba mbio kisha upasuaji kunaongeza hatari.

Ninakaa shambani, njia ya Kasenga. Nitazala Januari, katikati ya mvua, wakati hata pikipiki zinalala ndani ya matope. Kwa hiyo mwezi wa nane ukianza kuisha nitahamia Lubumbashi kwa dada yangu, karibu na hospitali inayopasua muchana na usiku. Bwana yangu ameweka feza ya upasuaji pembeni, ingawa tunaomba isiguswe.

Na kuna mambo nimekataa wazi mbele ya famille: hakuna majani ya kuharakisha uchungu, hakuna kidonge cha kuanzisha uchungu kilichonunuliwa mitaani, hakuna mutu kukandamiza tumbo. Kovu inavumilia uchungu wa kawaida. Ule wa kusukumwa kwa nguvu unaweza kuipasua. Aliye pamoja nami ajue alama: maumivu yasiyopumzika kati ya uchungu na uchungu, damu, uchungu kukatika gafula, kizunguzungu, roho ya mutoto kupiga polepole. Hapo hakuna kungoja.

Pengine nitapasuliwa tena. Tumepatana na mama mukwe: docta akisema tupasue, hakuna mabishano, na hakuna kusema nimeshindwa. Yeye mwenyewe sasa njo anatunza ile karatasi, ndani ya Biblia yake.

Dada, kama ulipasuliwa, usingoje mimba ingine. Rudi uombe waandike: ulikatwa namna gani, na kwa nini. Nawe kaka, musindikize muke wako.