Usipange namba zote, zihesabu tu



Siku moja nilienda kufanya mtihani wa kazi hapa Butembo. Swali la mwisho lilikuwa la mdomo: «Chukua tablo ya kuzidisha, kama ile ya nyuma ya daftari, lakini yenye mistari 100 000 na safu 100 000. Tutafutie namba ya katikati.» Nikajibu haraka: naziweka zote kwa liste moja, nazipanga toka ndogo mpaka kubwa, nachukua ya katikati. Wakaniuliza: «Namba bilioni 10, utaziweka wapi?» Nikanyamaza. Kazi ikaenda kwa mwingine.

Jibu nililipata kisha, tena kwa tablo ndogo. Tuseme ajansi inatuma mizigo toka Butembo kuelekea kusini, tukiisoma barabara kama ilivyokuwa kabla vita haijaikata. Bei hizi ni za mfano, kwa maelfu ya franga, kwa kilo 5, 10, 20 na 50:

Musienene: 2, 4, 7, 12
Lubero: 3, 6, 9, 15
Kirumba: 5, 8, 13, 20
Kanyabayonga: 6, 11, 16, 25

Mzigo ukiongezeka, bei inapanda. Njia ikiwa ndefu, bei inapanda. Basi tablo imekwisha kupangwa nusu, na sisi tunataka kuivuruga ju tuipange tena! Ya nini?

Tuseme tunatafuta bei ya 8 toka chini. Ndogo kabisa ni 2, kubwa kabisa ni 25. Kisia katikati: 13. Sasa uliza swali moja tu: ni bei ngapi hazizidi 13?

Usizisome zote 16. Weka kidole kwenye pembe ya chini kushoto, kwa 6 ya Kanyabayonga. 6 haizidi 13, kwa hiyo zote zilizo juu yake katika safu ile hazizidi pia: umepata 4 mara moja. Songa kulia: 11, tena 4. Songa kulia: 16 imezidi, panda juu: 13 inafaa, pamoja na mbili zilizo juu yake ni 3. Songa kulia: 20 imezidi, panda, 15 imezidi, panda, 12 inafaa, 1. Jumla 12. Kidole kimegusa namba 7 tu, kikienda kama mtu anayepanda ngazi.

12 inatosha 8, basi jibu halizidi 13. Kisia tena katikati ya 2 na 13: 7. Hesabu inatoa 7, haifiki 8, basi jibu linazidi 7. Kisia 10: zinatoka 9. Kisia 9: zinatoka 9. Kisia 8: zinatoka 8 kamili. Njo jibu: 8, bei ya kilo 10 mpaka Kirumba.

Mtu atauliza: na kama namba niliyokisia haiko kwenye tablo? Usiogope. Tunatafuta namba ndogo kabisa ambayo hesabu yake inafika 8. Hesabu hairuki isipokuwa kwa namba iliyo kwenye tablo, kwa hiyo mwisho wa safari lazima utue juu ya namba ya kweli.

Sasa turudi kwa mtihani wangu. Ngazi moja ina hatua zisizozidi 199 999. Kukisia nusu kwa nusu toka 1 mpaka bilioni 10 ni mara 34. Jumla haifiki hatua milioni 7, na hakuna namba ya kuweka akiba: kila moja unaizidisha ukiifikia. Kuna hata njia fupi zaidi, ambayo Greg Frederickson na Donald Johnson waliitoa mwaka 1984, lakini hii inatosha kwa mtihani.

Mimi nilikosa kazi ju nilikimbilia kupanga kitu ambacho kilikuwa kimekwisha kupangwa. Wewe unayejiandaa, kabla hujaandika programu yoyote, angalia kwanza: namba zenyewe zimekwisha kukupa nini bure?

Chukua daftari leo, tablo ya 10 kwa 10, utafute namba ya 50. Kidole chako kitafahamu mbele ya kichwa.