Sikio Ndilo Halijasoma

Kijana wa Kawe aliyemaliza kidato cha nne anaweza kusoma habari za Arsenal kwenye simu bila kukwama. Mkute banda umiza, kocha anahojiwa baada ya filimbi ya mwisho, utamsikia anamuuliza jirani: "Kasemaje?" Maneno karibu yote anayajua, ila kwa macho. Kiingereza chake kilipimwa kwa karatasi na kalamu.

Lawama huangukia kasi: Wazungu wanaongea haraka mno. Dawa ya kasi ilishatafutwa: mwaka 1959 redio ya Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Kiingereza chepesi, yakisomwa taratibu kwa msamiati wa maneno kama 1,500. Yamewafaa wengi, lakini anayeishia hapo anazoea Kiingereza ambacho mtaani hakiongelewi.

Kinachomkwamisha kijana wetu ni maneno kubadilika sura. Sisi kwa Kiswahili sanifu tunatamka irabu zote, na mkazo wetu kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hukazia maneno machache yenye uzito, mengine kinayameza. "Tell him" inatoka "telim". "Next week" inadondosha t, inakuwa "neks wiik". "What did you" inasikika "wodija", na mwanafunzi anaanza kujiuliza hiyo wodija ni mnyama gani. Akizinduka, sentensi mbili zimeshapita.

Na sisi tunameza. Simama kituo cha daladala usikilize: "sahivi", "skuizi", "afu", "kwaiyo". Mgeni aliyekariri "siku hizi" na "halafu" kitabuni anatoka jasho vilevile. Nikifundisha usikilizaji, somo langu la kwanza huanzia hapo, darasa likicheka, maana mtu akishajua kwamba yeye mwenyewe anakata silabi, haoni tena kama anafanyiwa hila.

Walimu wengi hucheza rekodi nzima, wanauliza maswali, wanasahihisha, basi. Mwingereza John Field, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu ufundishaji wa usikilizaji, alilalamikia mtindo huo: unampima mwanafunzi bila kumfundisha. Mimi nachukua kipande cha sekunde nne tu. Kila mmoja anaandika alichosikia, hata kama hakina maana. Huyu ameandika "telim", yule "talent"; hapo ndipo pa kufanyia kazi. Naandika sentensi ubaoni, tunairudia, kisha wanaitamka wenyewe kwa kasi ileile, h ikidondoka. Mdomo ukishazoea kuiacha h, sikio nalo haliingojei.

Vifaa si shida, simu yenye kinasa sauti inatosha. Shida ni subira, hasa kwa wanaojiandaa na mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambako katika sehemu ya usikilizaji kila rekodi husikika mara moja tu na maswali ni 40 kwa muda wa dakika kama 30. Hao hukimbilia mitihani ya majaribio tangu wiki ya kwanza, wakipata alama zilezile kila Jumamosi. Heri waiache hadi mwisho, na kwanza wakae na vile vipande vya sekunde nne.