Ukikosa udaktari, biomedikali si mlango wa nyuma

Tuseme matokeo ya KCSE yametoka, una B+ yako safi, na mtaa mzima umekuwa ukikuita daktari tangu darasa la sita. Umeweka udaktari chaguo la kwanza kule KUCCPS. Majibu yanakuja: umepewa Sayansi ya Biomedikali. Mjomba anapiga simu. "Si mbaya, ingia tu hapo, utahamia udaktari ukishafika."

Mimi pia niliambiwa hivyo, nikaamini. Muhula wa kwanza haujaisha, niko kwenye foleni nje ya ofisi ya msajili na fomu ya kuhama mkononi. Mama wa pale aliuliza kitu kimoja tu: pointi zako za klasta ni ngapi? Nikamwambia. Akanirudishia fomu bila kuinua macho.

Mambo ni hivi. Ukitaka kuhama kozi, pointi zako za KCSE lazima zifikie zile za mtu wa mwisho aliyechukuliwa kwa hiyo kozi. Kama hazikutosha mara ya kwanza, hazitatosha ukishafika chuoni, hata upate A kila somo. Nilivumilia hadi mwaka wa pili, karo na moyo vikaisha pamoja, nikaacha.

Nalaumu kidogo tamthilia za Marekani. Kule mtu husoma digrii ya kwanza miaka minne, anafanya mtihani wa MCAT, ndipo anaingia shule ya udaktari kwa minne mingine. Ukikesha na Grey's Anatomy utadhani dunia yote iko hivyo. Kenya unatoka kidato cha nne moja kwa moja hadi MBChB, miaka sita, kisha mwaka wa uanagenzi hospitalini.

Sisemi haiwezekani. Kuna vyuo huchukua mtu mwenye digrii ya sayansi kama hiyo, akiwa amepita vizuri. Lakini piga hesabu: miaka 4 ya biomedikali, 6 ya udaktari, 1 ya uanagenzi. Ukianza na miaka 18 unamaliza na 29. Usitegemee kupunguziwa miaka eti kwa sababu ulishasoma anatomia na bayokemia. Uliza chuo chenyewe, na wakupe jibu kwa maandishi. Halafu digrii ya pili unajilipia, na udaktari wa kujilipia ni mamia ya maelfu ya shilingi kila mwaka. Hapo ndipo wengi hukwama, si kwenye vitabu.

Na hata ukifika, kumbuka 2024. Madaktari waligoma siku 56, na moja ya sababu ni wanagenzi: serikali ilitaka kuwalipa Sh70,000 badala ya Sh206,400 za mkataba wa 2017.

Kama unachotaka ni kutibu watu, angalia diploma ya utabibu pale KMTC. Miaka mitatu, kisha uanagenzi, unasajiliwa na baraza la matabibu. Unahudumia wagonjwa, ukipata kazi una mshahara, na bado kuna vyuo vitakukubali MBChB baadaye. Wasee hudharau hii njia kwa sababu haina jina la chuo kikuu. Shauri yao.

Biomedikali yenyewe ni kozi poa kama unapenda maabara na utafiti, ile kazi hufanywa KEMRI kule Kisumu na Kilifi. Ila kabla hujakubali nafasi, uliza kama bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB, imeidhinisha kozi hiyo katika chuo hicho. Bila leseni yao hutafanya kazi kwenye maabara ya hospitali. Mimi sikuuliza.

Dadangu mdogo anafanya KCSE mwaka huu. Juzi mjomba alimpigia simu, akaanza ile ya "ingia tu hapo." Nilimnyang'anya simu.