Mpini wa Jembe na Fimbo ya Gofu

Kila Jumamosi mume wangu alikuwa anapotelea Lugalo, kwenye viwanja vya gofu vya jeshi pale Dar, mimi nabaki na rimoti. Nikanuna miezi mitatu. Mwishowe nikasema isiwe tabu, nifundishe na mimi.

Kosa! Nusu saa haijaisha, tumenuniana. "Mama watoto, unalima au unapiga mpira?" aliniuliza mbele za watu. Iliniuma, maana ni kweli. Nimezaliwa Munanila, kule milimani Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, ambako jembe unalishika kabla ya kalamu. Mikono yangu inajua njia moja tu: inua, shusha kwa nguvu. Nikachimba nyasi, mpira ukabaki unaniangalia.

Nikatafuta kocha. Akanipa fimbo namba 7 na kunifungua macho: mpira haupigwi kwa mikono, unapigwa kwa mwili unaozunguka. Shika fimbo kama kifaranga, asiponyoke wala asife. Geuza mabega mpaka mgongo uelekee unakotaka mpira uende, uzito ukae mguu wa kulia. Kurudi, anza na kiuno, mikono ifuate, umalizie umesimamia mguu wa kushoto, kifua kikitazama mbele. Mpira wenyewe hauzidi gramu 46, hauhitaji hasira.

Desemba tukaenda Munanila. Kiwanja hakuna, ila mpini wa jembe upo. Kila asubuhi, ukungu haujaondoka, nilisimama uani nikiuzungusha mara 50, polepole. Mama akaniangalia weee, kisha akauliza, "Mwanangu, hilo shamba lako litaota lini?" Tukacheka mpaka basi. Mume wangu akatoka na kikombe cha chai, akakaa kwenye kigoda kunihesabia. Hakusahihisha kitu.

Januari, Lugalo, mpira wangu wa kwanza ukapaa. Haukwenda mbali, ila mlio wake ulikuwa safi.

"Nisamehe kwa lile neno la kulima," akasema.

"Kulima ndiko kulikonisomesha, baba watoto."

Akanyamaza, akanibebea mfuko wa fimbo mpaka kwenye gari.

Wapendanao, mkitaka kujifunza mchezo pamoja, ufundi mwachieni kocha. Mwenzako kazi yake ni kukuhesabia. Na Jumamosi sasa? Rimoti imebaki na watoto.