Bustani Kama Huduma ya Uponyaji

Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, hospitali ya Kilutheri iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20 imekifanya kilimo kuwa sehemu ya matibabu. Usharika utakaoanzisha bustani ya namna hiyo hauna budi kutofautisha tiba na kibarua. Mgonjwa na achague tuta lake mwenyewe; jamaa yake alime kando yake, wala asimsimamie. Mchicha huchumwa baada ya majuma manne hivi, na aliyekata tamaa huona mapema tunda la mikono yake. Dawa za hospitali zisiachwe. Mavuno ni ya waliolima. Mzee wa kanisa asiyapeleke mnadani Jumapili pasipo ridhaa yao, hata kama paa la kanisa linavuja.